Kuagiza Datsun ya familia ya Z na kuifufua hapa nyumbani: nichague lipi kati ya haya matatu?

Olasiti72 (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninakusudia kuagiza gari la spoti la zamani, Datsun ya familia ya Z, nilifufue polepole hapa Arusha kwa fedha za akiba, na naomba mawazo ya watu waliowahi kushika magari ya aina hii kabla sijatuma hata senti moja nje ya nchi.

Kwa nini Z, nadhani wengi wenu mnajua. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, wakati mashindano hayo yakiwa bado yanaitwa ya Afrika Mashariki. Mtu aliyekulia huku kaskazini amesikia majina hayo tangu utotoni.

Nimepata magari matatu, yote ya usukani wa kulia. La kwanza liko Japani: ni Fairlady Z (jina la Z huko Japani) ya mwaka 1973 yenye injini L20 ya cc 1998, linawaka na linatembea, rangi imepauka na viti vimechanika, lakini bampa, taa, vioo na urembo wote wa nje vipo mahali pake. La pili liko Uingereza: ni 240Z ya mwaka 1972 yenye injini L24 ya cc 2393, limefunguliwa lote, bodi imewekwa juu ya stendi na vipande vimo ndani ya maboksi, na bei yake ni kama nusu ya lile la Japani. La tatu liko Australia: ni 260Z ya viti vinne ya mwaka 1975, zima kwa kulitazama, ila halijawashwa kwa miaka mingi, na ndilo la bei ndogo kuliko yote.

Moyo wangu umeangukia la pili. Ndilo 240Z yenyewe, na kwa kuwa limeshafunguliwa naona kama sehemu ya kazi imekwisha kufanyika. Je, nafikiri sawasawa? Kodi zitakuwaje? Na je, mafundi wetu wa bodi wanaliweza gari la namna hii, au nitaishia kulirundika uani?

Fundi wa Gerezani (Dar es Salaam)

Ndugu Olasiti, mafundi wetu wanaliweza. Injini ya L ni chuma cha silinda sita kilichosimama kwenye mstari, chenye kemshafti moja juu inayozungushwa na cheni, na kila fundi aliyefungua Datsun za miaka ya 70 na 80 ameikuta familia hiyo kwa namna moja au nyingine, kwa sababu zile za silinda nne zilijengwa kwa mtindo uleule. Kwa hiyo nakuomba uiweke injini mwisho kabisa katika uamuzi wako. Injini iliyochoka hapa Dar utaipeleka kwa wakerezaji, silinda zitachongwa, krenki itasagwa, valvu zitakalishwa upya, na utapata kazi ya kuridhisha kwa gharama ambayo watu wa Ulaya hawawezi hata kuiota. Kitakachokumaliza ni bodi.

Z haina chesesi inayojitegemea kama Land Rover. Bodi na chesesi ni kitu kimoja kilichokunjwa kwa bati jembamba, na wakati ule kiwandani kinga ya kutu ilikuwa ndogo mno. Kutu yake ina mahali inapopapenda, na muuzaji mwerevu anapajua kuliko wewe. Mwombe picha za sehemu hizi na usikubali akupigie za boneti na taa tu. Kwanza, kitako cha betri na bati lililo chini yake, kwa kuwa tindikali huvuja hapo ikashuka mpaka kwenye mhimili wa mbele. Pili, zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu kuanzia kwenye ukuta wa injini kurudi nyuma; hizi huoza kwa ndani, na mara nyingi hupondwa na jeki, maji yakakaa humo. Tatu, maboksi ya chini ya milango, hasa pale yanapokutana na tao la gurudumu la nyuma. Nne, sakafu ya buti kwenye shimo la tairi la akiba, pamoja na kingo za mlango wa nyuma ambako mpira ukizeeka maji huingia kila mvua inaponyesha. Tano, ambayo wengi huisahau, ni bati lililo chini ya kioo cha mbele: majani huziba matundu ya kutolea maji, maji yakasimama, na bati likaliwa mahali ambapo huwezi kulifikia bila kufumua nusu ya gari.

Mwombe pia aweke sumaku yenye kitambaa juu ya madigadi na matao ya magurudumu, akurekodie video. Pale sumaku inapokataa kushika, pana puti (udongo wa kujazia bati), na puti nene huficha tundu.

Sasa nakuja kwenye hoja yako ya kwamba la pili limeshafunguliwa na kwa hiyo sehemu ya kazi imekwisha. Hapo naona umepotoka. Kufungua gari ni kazi ya wikiendi chache na kila mtu anaiweza. Ugumu uko katika kulirudisha, na anayelirudisha vizuri ni yule aliyelifungua mwenyewe, akapiga picha kila waya ulikopita na kufunga kila bolti kwenye mfuko ulioandikwa. Ukinunua maboksi, unanunua kumbukumbu ya mtu mwingine bila mtu huyo. Utagundua kuwa bawaba ya mlango haipo, au kuna mkono mmoja wa waipa badala ya miwili, siku ambayo mpaka rangi imeshapigwa.

Nakumbusha pia jambo la hesabu. Huku kwetu nguvu kazi ni rahisi na vipuri ni ghali; Ulaya na Marekani ni kinyume chake. Ushauri wote utakaousoma kutoka huko, wa kununua gari lenye bodi nzuri hata kama limepungukiwa vitu, umejengwa juu ya hesabu yao. Kwetu inafaa kununua gari lililotimia. Kuchomelea sakafu mpya utapata mtu. Kupata bampa ya nikeli isiyopinda, kioo cha robo cha nyuma, au saa za dashibodi zinazofanya kazi, utaagiza kimoja kimoja kutoka ng'ambo kwa bei ya dola na usafiri wa ndege. Dashibodi yenyewe ya Z hupasuka kwa jua, na iliyo nzima ni mali. Kwa hiyo bei ya nusu ya lile la Uingereza si nafuu hata kidogo mpaka umepata orodha ya kila kitu kilichomo, chenye picha.

Ukishalipata gari, lolote utakalochagua, usikubali fundi akate boksi la chini ya mlango kabla hajaweka mihimili ya muda ndani ya uwazi wa milango yote miwili. Bodi ya namna hii ukiikata bila kuishikiza hulegea kwa milimita chache tu, na baada ya hapo milango haitafunga sawasawa kamwe. Chagua fundi anayechomelea kwa mashine ya waya na gesi, maana moto wa oksijeni na asetilini hupinda bati jembamba, na wengi hufidia kwa puti.

Wakala wa Kurasini

Ndugu Olasiti, mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini, kwa hiyo nitajibu suala la kodi, na nitaongeza moja ambalo hukuliuliza.

Gari dogo la abiria lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani ya gari ikijumlishwa bima na nauli ya meli. Juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru huo hutozwa ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1000 lakini haijavuka 2000, na asilimia 10 kwa iliyovuka 2000. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30 ya jumla hiyohiyo. Mwisho ni VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa gari lililofika bandarini kwa thamani ya dola 10,000. Likiwa na injini ya cc 2393, ushuru wa forodha ni dola 2,500, ushuru wa bidhaa ni 1,250, uchakavu ni 3,750 na VAT ni 3,150. Jumla dola 10,650. Likiwa na injini ya cc 1998, ushuru wa bidhaa unashuka hadi 625 na VAT inakuwa 3,037.50, na jumla inakuwa dola 9,912.50. Hapo sijaweka tozo ndogondogo za forodha na reli, gharama za bandari, wala usajili. Kwa ufupi, tenga kiasi sawa na bei ya gari likiwa bandarini, halafu uongeze. Viwango huguswa na bajeti ya kila mwaka inayoanza Julai, kwa hiyo hakikisha upya na Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla gari halijapakiwa.

Utaona kuwa ile Fairlady ya Japani inapata nafuu kidogo kwa sababu imekaa chini ya lita mbili. Si bahati tu: Japani nayo iliyatoza kodi kubwa zaidi magari yaliyovuka cc 2000, ndiyo maana Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliwauzia wananchi wao zaidi injini ya L20 huku wakipeleka L24 nje.

Jambo ambalo hukuliuliza ni hili. Watu wengi hufikiri gari lililo kwenye maboksi litaingia kama vipuri na kuepuka ushuru wa uchakavu. Kanuni za kimataifa za kuainisha bidhaa, ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki inazifuata, zinasema kwamba kitu kisichokamilika au kilichofunguliwa, iwapo kina sura na tabia kuu ya kitu kamili, huhesabiwa kuwa kitu kamili. Bodi yenye namba ya chesesi, pamoja na injini na giaboksi yake, ni gari. Utalilipia kama gari, kisha utakuwa na gari ambalo haliwezi kuonyesha breki wala taa mbele ya mkaguzi, wakati ukaguzi wa ubora wa magari yaliyotumika ni wa lazima. Lile la Australia lina tatizo hilohilo kwa kiasi kidogo zaidi: likifika haliwaki, utakuwa unalipia kulivuta, kulihifadhi na kulitengeneza ukiwa mbali nalo. Gari linalowaka, linalosimama linapokanyagwa breki na lenye taa zinazofanya kazi litakuokolea wiki nyingi za kuhangaika.

Nyaraka pia ni jambo la kutazama kabla ya bei. Japani utahitaji cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, na namba ya chesesi iliyomo lazima ifanane herufi kwa herufi na ile iliyogongwa kwenye ukuta wa injini. Fairlady za Japani za lita mbili huanza na S30, na 240Z za usukani wa kulia zilizopelekwa nje huanza na HS30. Ukiona HLS30, hilo lilizaliwa likiwa na usukani wa kushoto, hata kama picha inaonyesha vingine.

Mkaazi wa Nyali (Mombasa)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kwanza, Bwana Olasiti ashukuru kwamba yuko Tanzania. Sisi huku Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka minane, na lazima liwe na usukani wa kulia, kwa hiyo mpenzi wa magari ya zamani hana budi kutafuta yale yaliyokwisha kuwamo nchini tangu zamani, na wenye nayo wanajua thamani yake. Ukitaka kuyaona yakiwa yamepangwa, nenda Ngong Racecourse siku ya Africa Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanza mwaka 1970, utakuta watu wamepiga vyuma msasa hadi unajiona uso.

Faida yako ya kuwa jirani yetu ni mafundi. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya East African Safari Classic, na Datsun 240Z zimekuwa zikishiriki humo pamoja na Porsche 911 na Ford Escort. Wako mafundi Nairobi ambao wamezijenga gari hizi upya baada ya kila safari, na wanajua ni wapi bodi hupasuka kwenye barabara zetu. Namanga si mbali nawe. Mimi ningempeleka fundi wako wa Arusha akae nao siku chache kabla hajashika msumeno.

La mwisho ni hali ya hewa. Gari likitua Dar es Salaam, usiliache likakaa karibu na bahari kwa miezi huku ukitafuta fedha za kuendelea. Bati lililokwanguliwa rangi huanza kugeuka wekundu hapa pwani kwa siku chache tu. Lipandishe Arusha mapema.

Mswahili wa Birmingham

Nawasalimu wote. Nimeishi huku Uingereza kwa muda mrefu na nimekuwa nikikagua magari ya zamani kwa niaba ya ndugu walioko nyumbani, kwa hiyo nitasema kuhusu lile la maboksi.

Barabara za huku humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili zisigande, na magari ya Kijapani ya miaka ya 70 yaliumia vibaya kwa sababu hiyo. 240Z iliyobaki Uingereza tangu ilipouzwa mpya mara nyingi imekwisha kuchomelewa zaidi ya mara moja, na tabaka juu ya tabaka la bati hufunikwa kwa lami nyeusi ya chini ya gari. Ukiona chini pamepakwa lami mpya iliyong'aa katika gari linalouzwa kama mradi ambao haujakamilika, uliza ni kwa nini mtu apake rangi ya kumalizia kazi ambayo hajaimaliza. Bodi ikiwa imekwanguliwa hadi kwenye chuma kitupu na unaiona bila rangi, hilo ni jambo jema na linastahili bei.

Kwa upande wa historia, ukiwa na namba ya usajili unaweza kusoma mtandaoni, bila malipo, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari, pamoja na maili lililotembea na kasoro zilizoandikwa na mkaguzi; mara nyingine utakuta neno kutu likijirudia mahali palepale mwaka hadi mwaka. Ila tangu Mei 2018 magari yaliyozidi miaka 40 ambayo hayajabadilishwa sana hayalazimiki kukaguliwa, kwa hiyo kutokuwapo kwa ukaguzi wa karibuni hakukuelezi lolote, jema wala baya.

Natofautiana kidogo na Fundi wa Gerezani. Gari la maboksi linaweza kuwa ununuzi mzuri kwa mtu anayeishi huku, anayeweza kwenda kwa muuzaji, akamwaga maboksi sakafuni na kuhesabu. Kwa mtu aliye Arusha, anayetegemea picha za simu, sioni namna. Nasema hivyo huku nikijua kwamba vipuri vya Z ni rahisi kupatikana kuliko vya magari mengi ya umri wake, kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi sana Marekani na wapo watu huko wanaotengeneza upya mipira ya milango, mazulia, bati za sakafu na reli za chini. Angalia tu kwamba vitu vya upande wa dereva vya Marekani vimetengenezwa kwa usukani wa kushoto.

Usitishwe wala usitiwe tamaa na bei za minada. Mwezi Januari 2020 240Z moja ya mwaka 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, na tangu siku hiyo kila mwenye gamba la Z lililo nyuma ya nyumba anadhani ana hazina. Lile lilikuwa gari lililohifadhiwa katika hali yake ya kiwandani na lililotembea kidogo sana. Halihusiani na mradi wako.

Olasiti72 (Arusha)

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa makini na nimeliacha lile la maboksi. Nimemwandikia muuzaji wa Japani nikamwomba picha za sehemu tano alizozitaja Fundi, pamoja na ile ya namba ya chesesi. Amenitumia pia karatasi ya mnada alikolinunulia, yenye mchoro wa gari uliojaa herufi na namba ambazo sizielewi.

Limebaki jambo moja linaloniuma. Natamani nguvu ya 240Z. Je, baadaye nikipata injini kubwa zaidi ya familia hiyohiyo, kwa mfano ile L28 iliyokuwa kwenye Nissan Patrol za zamani, itaingia kwenye Fairlady bila kulikata gari?

Fundi wa Gerezani (Dar es Salaam)

Kuhusu karatasi ya mnada, tafuta herufi S na C kwenye mchoro. S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wake. W ni mahali palipokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi. Gari la umri huu lisilo na herufi hata moja halikukaguliwa sawasawa, kwa hiyo karatasi safi mno ikutie shaka.

Injini itaingia. L20, L24 na L28 za silinda sita ni ndugu wa tumbo moja: L20 ina silinda za kipenyo cha milimita 78, L24 83 na L28 86, lakini kwa nje hukaa kwenye misingi ileile na kupokea giaboksi zilezile. Ile ya Patrol ilitengenezwa kwa ajili ya gari lenye ekseli ya mbele, kwa hiyo utahamishia sampu (beseni la oili la chini ya injini) na bomba la kunyonyea oili kutoka kwenye injini ya gari dogo, na uipime uwiano wa mgandamizo kabla hujaamua kuhusu silinda hedi. Kabureta mbili za Hitachi zenye umbo la SU zinatosha kabisa. Usidanganywe na mtu anayekuuzia tatu za Weber kabla gari halijatembea. Zinakunywa mafuta, na kuzilinganisha bila vifaa ni adha. Valvu zirekebishwe injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa zinazoingiza na 0.30 kwa zinazotoa.

Ila kabla ya injini kuna kazi mbili ambazo Z haikusamehe. Ya kwanza ni pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini wa gurudumu la nyuma. Hushikana na bushi yake kama iliyochomelewa, na fundi asiyeijua ataipiga nyundo mpaka auharibu uzi. Ichovye mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, kisha itolewe kwa presi, na agiza pini mpya mapema kwa kuwa hii ya zamani huenda isitoke nzima. Ya pili ni umeme wa taa kubwa. Kiwandani mkondo wote wa taa ulipitishwa kwenye swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa kwa niaba ya swichi ndogo), na baada ya miaka 50 viungo hivyo huchemka na kuyeyuka. Weka rilei mbili karibu na betri, swichi ibaki na kazi ya kuziamrisha tu. Taa zenyewe ni za duara za inchi saba, sawa na za Land Rover, utazipata popote.

Ukisikia harufu ya moshi ndani baada ya kumaliza, usikimbilie ekzosi. Anza na mipira ya mlango wa nyuma na viziba vya taa za nyuma, kwa sababu gari hili likitembea huvuta hewa kutoka nyuma kuingia ndani.

Wakala wa Kurasini

Nyongeza kwa hilo la injini. Kadi ya usajili hubeba namba ya injini na ukubwa wake, kwa hiyo ukihamia L28 baadaye, badiliko hilo litapaswa kuingizwa TRA pamoja na risiti ya ununuzi na ukaguzi wa polisi, la sivyo utapata shida siku ya kukata bima au kuuza. Hifadhi L20 yake ya asili kwa hali yoyote. Gari lenye injini yake lililozaliwa nayo huulizwa kwanza na wanunuzi wa magari haya.

Na usimwombe muuzaji wa Japani ajaze vipuri vya ziada ndani ya gari ikiwa litasafirishwa kwa meli ambazo magari huendeshwa kuingia na kutoka. Kampuni nyingi za meli hizo haziruhusu, mara nyingi vitu hupotea njiani, na kitakachofika bila kuandikwa kwenye ankara kitakuletea maswali ya forodha. Kama unataka bampa ya pili na seti ya mipira, lipa kontena, na kila kipande kiandikwe kwa bei yake, kipya kando na kilichotumika, kwa kuwa vipuri vilivyotumika vina ushuru wake wa bidhaa.